Maumivu ya mguu yakipoa ghafla, jaribu nguvu zake kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Makala ya afya kuhusu maumivu ya kiuno niliisoma mwanzo hadi mwisho, na mengi yaliyomo ni sahihi. Ni kweli kwamba maumivu mengi ya kiuno hupoa yenyewe baada ya wiki chache. Ni kweli pia kwamba kulala kitandani siku nyingi hudhuru kuliko kusaidia, na kwamba si kila anayeumwa kiuno anahitaji kupigwa picha. Kilichonishikisha kalamu ni sentensi moja karibu na mwisho, pale mwandishi alipomwambia msomaji kwamba maumivu ya mguu yakiisha, basi ajue neva iliyobanwa imeachiwa na yeye amepona.

Sivyo, Mhariri. Maumivu huisha kwa sababu neva imepata nafasi ya kupumua, na huisha vilevile kwa sababu neva imebanwa hadi ikashindwa kupeleka habari yoyote. Mgonjwa wa kwanza anapona, wa pili yuko njiani kupoteza nguvu za mguu wake, na kwa siku kadhaa wote wawili wanaona nafuu ileile. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Wagonjwa wanaonisononesha zaidi si wale wanaoingia wakilia kwa maumivu. Ni wale waliochelewa kuja kwa sababu walikuwa hawaumwi tena.

Niliwahi kumpokea baba mmoja aliyekuwa na maumivu yakimshuka kutoka kwenye tako, yakapita ubavu wa paja na muundi hadi juu ya wayo. Siku hiyo alikuja anatabasamu, akaniambia maumivu yameondoka usiku na asubuhi ameamka mzima. Lakini nilikuwa nimeshamsikia tangu kwenye korido, maana mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga sakafu kila anapoutua. Nikamwomba avue viatu, asimame kwa visigino. Vidole vya mguu wa kushoto vikanyanyuka, vya kulia vikabaki vimelala sakafuni. Nikamweka kitandani, nikalaza kidole changu juu ya dole gumba la mguu ule, nikamwambia alisukume juu. Alikaza uso, akakaza na shingo, dole halikusogea. Kisha nikampitishia kipande cha pamba juu ya wayo huku amefumba macho, nikamwambia aseme akihisi. Baada ya muda akaniuliza kama nimeshaanza.

Alipelekwa kwa daktari wa upasuaji siku hiyohiyo. Nguvu zilirudi baadaye, ila si zote. Angekuja siku ile mguu ulipoanza kulegea, huenda tungeokoa zaidi, na hakuja kwa sababu alikuwa anasubiri maumivu yamwambie kama hali ni mbaya.

Nataka nieleze ni kwa nini maumivu hayawezi kuachiwa kazi hiyo, maana aliyeelewa jinsi neva za uti wa mgongo zilivyopangwa hahitaji kukariri dalili. Ndani ya mfereji wa uti wa mgongo umo ugwe wa mgongo, ile kamba laini ya tishu za neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo. Kwenye ugwe huo hutoka jozi 31 za neva: 8 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za sakramu, yaani ule mfupa wa nyuma ya nyonga, na 1 ya kifandugu. Shingo ina pingili 7 lakini neva zake ni 8, kwa kuwa ya kwanza hutokea juu ya pingili ya kwanza na ya nane hutokea chini ya pingili ya saba. Madaktari huziandika kwa herufi na tarakimu: C kwa shingo, T kwa kifua, L kwa kiuno, S kwa sakramu. Ndiyo maana ripoti ya picha huja imeandikwa L4-L5 au L5-S1, mgonjwa akaikunja na kuitia mfukoni bila mtu yeyote kumwambia kwamba herufi zile zinahusu sehemu fulani hasa ya mguu wake.

Kila neva huanza ikiwa mizizi miwili. Mzizi wa nyuma huingiza habari kwenye ugwe: mguso, joto, baridi, maumivu, na hata habari ya mahali kiungo kilipo. Mzizi wa mbele hutoa amri kwenda kwenye misuli. Mizizi hiyo miwili hukutana kwenye tundu lililo kati ya pingili na pingili, na kuanzia hapo nyuzi za kuhisi na nyuzi za kutenda husafiri pamoja, kama nyaya mbili ndani ya ganda moja. Zikishatoka nje hugawanyika tena: tawi dogo hurudi nyuma kuhudumia misuli na ngozi ya mgongo wenyewe, na tawi kubwa huenda mbele na kwenye mikono na miguu. Njia ni ya pamoja, lakini uzi wa hisia haubebi amri, wala uzi wa amri haubebi hisia.

Binadamu hawakulijua hilo siku zote. Mwaka 1811 Charles Bell, daktari wa Kiskoti aliyekuwa London, aliwachapishia rafiki zake kijitabu akieleza kwamba alipougusa mzizi wa mbele kwa mnyama, misuli ya mgongo ilitetemeka, na alipoukata wa nyuma haikutetemeka. Mwaka 1822 François Magendie, kule Ufaransa, alikata mizizi ya watoto wa mbwa na kuona yote mawili kwa uwazi: ukikatwa mzizi wa nyuma mguu unaendelea kucheza lakini hauhisi, ukikatwa wa mbele mguu unahisi lakini umelegea kabisa. Wanyama wale walikatwa wakiwa macho, kwa kuwa dawa ya usingizi ilikuwa bado haijaingia kwenye upasuaji, na kila ninaposoma habari hiyo nasikia uchungu. Maarifa yenyewe yalinunuliwa kwa gharama kubwa. Sioni kwa nini leo tuyaache vitabuni wakati kila anayeumwa mgongo angefaidika nayo.

Mtu asiyeridhika na majaribio ya maabara atazame magonjwa mawili anayoyajua. Virusi vya polio hushambulia seli zilizo kwenye pembe ya mbele ya ugwe wa mgongo, ambako ndiko amri za misuli zinakotokea. Mtoto aliyepooza mguu kwa polio hauinui, lakini ukimgusa kwa maji baridi anahisi sawasawa. Ukoma nao, kabla ya kuharibu mengine, huanza kwa kuua hisia kwenye ngozi, ndiyo maana mgonjwa huungua au hujikata mkono bila kujua, mkono ambao bado unashika na kufanya kazi. Wa polio kapoteza amri na hisia zipo, wa ukoma kapoteza hisia na amri zipo, na katika hali zote mbili mtu anaweza asiumwe hata kidogo.

Nyuzi zenyewe pia hazilingani. Zile za misuli na za kujua mahali kiungo kilipo ni nene, zimefunikwa vizuri, na hupeleka habari kwa kasi ya mita 50 kwa sekunde na zaidi. Nyuzi za maumivu ya polepole ni nyembamba, hazina ganda hilo, na hupeleka habari kwa kasi ya mita 1 hivi kwa sekunde. Mtu akijikwaa dole gumba, kwanza husikia mchomo mkali, halafu muda mfupi baadaye ndipo maumivu mazito yanayotambaa hufika, kwa sababu hayo yamepita njia nyingine. Sasa hapa pana jambo ambalo makala ililiruka: shinikizo huzionea kwanza nyuzi nene. Aliyewahi kuukalia mguu wake anajua kwamba mguso na nguvu hupotea mapema. Neva ikibanwa na diski iliyotokeza, yaani ule mto ulio kati ya pingili na pingili, nguvu inaweza kuanza kupotea maumivu yangali makali, na shinikizo likizidi, hata nyuzi za maumivu hunyamaza. Mgonjwa akiona ukimya huo anashukuru.

Dawa ya ganzi hufanya kinyume chake, na hapa nataka nichomeke neno kwa akina mama, kwa sababu swali la sindano ya mgongo naulizwa kila mara. Upasuaji wa kwanza kwa sindano hiyo ulifanywa na August Bier huko Ujerumani mwaka 1898. Mama anayejifungua kwa upasuaji akichomwa sindano hiyo, miguu hupata joto kwanza, kisha baridi na maumivu hupotea, halafu mguso, na nguvu za kuinua miguu hufuata. Ndiyo sababu wengi husema walisikia wakivutwa na kusukumwa tumboni lakini hawakusikia kukatwa. Hawakudanganywa wala dawa haikuwa pungufu. Na sindano haichomi ugwe wa mgongo. Kwa mtu mzima ugwe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huingizwa chini ya hapo, mara nyingi kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, mahali ambapo kuna maji na mizizi ya neva inayoelea tu. Mama mwenye maumivu ya kiuno miaka kadhaa baada ya kujifungua anastahili kupimwa vizuri, si kuambiwa ni sindano ile na kurudishwa nyumbani.

Narudi kwenye neva. Kila moja ina eneo lake la ngozi na misuli yake. Ngozi ya dole gumba la mkono ni ya C6, kidole cha kati C7, kidole cha mwisho C8. Usawa wa chuchu ni T4, kitovu T10, kinena L1. Upande wa ndani wa muundi ni L4, juu ya wayo hadi dole gumba la mguu ni L5, upande wa nje wa wayo ni S1. Maeneo haya hupandiana mipaka, kwa hiyo neva moja ikiumia ganzi huwa ndogo kuliko mgonjwa anavyotarajia, na daktari asiye na subira anaweza kuipita bila kuiona.

Anayetaka kuiona ramani hii kwa macho amtazame mtu mwenye mkanda wa jeshi. Virusi vya tetekuwanga hubaki mwilini baada ya ugonjwa kupona, vikajificha kwenye fundo la seli lililo katika mzizi wa nyuma wa neva. Miaka ikipita na kinga ikishuka, vinaamka na kushuka kwa kufuata neva ileile hadi kwenye ngozi. Malengelenge hutokea kwa mstari, upande mmoja tu, na kwa kawaida huishia katikati ya mwili, kwa sababu ndipo neva hiyo inapoishia. Wenye hofu kwamba mkanda ukizunguka ukakutana mgonjwa hufa wanaweza kutulia. Mwaka 1900 Henry Head na Alfred Campbell walitumia ugonjwa huohuo kuchora mipaka ya neva kwenye ngozi ya binadamu, na tunachokitumia leo kliniki kina mizizi katika kazi yao.

Kwa ramani hiyo, mtu wangu wa miguu mitupu alikuwa ameshasema kila kitu kabla picha haijapigwa. Maumivu yalipita ubavu wa mguu hadi juu ya wayo, dole gumba lilishindwa kunyanyuka, pamba haikuhisiwa juu ya wayo: hiyo ni L5. Na neva ya L5 mara nyingi hubanwa na diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano, juu kidogo ya mahali inapotokea. Ripoti ya picha iliposema L4-L5, iliungana na mguu. Nasisitiza kuungana, kwa kuwa picha za MRI za watu wasioumwa popote huonyesha diski zilizotokeza mara nyingi tu, hasa umri ukisogea. Picha isiyoafikiana na mguu haipaswi kumpeleka mtu kwenye kisu, na mguu uliolegea haupaswi kungoja miezi kwa sababu foleni ya picha ni ndefu.

Habari ikishaingia kwenye ugwe wa mgongo bado ina safari, na safari hiyo ndiyo inayonistaajabisha kuliko yote. Seli inayobeba mguso wa dole gumba la mguu ina kiini chake kwenye fundo lile la pembeni mwa uti wa mgongo. Mkono wake mmoja unashuka hadi kwenye dole, mwingine unapanda ndani ya ugwe, upande uleule, hadi chini ya ubongo. Ni seli moja tu, na urefu wake kwa mtu mzima unapita mita moja. Inapofika pale juu ndipo inapokabidhi habari kwa seli nyingine inayovuka kwenda upande wa pili. Maumivu na joto hufanya vingine: hukabidhiwa mapema, mara tu yanapoingia kwenye ugwe, yakavuka hapohapo au pingili moja mbili juu yake, kisha yakapanda kwa upande wa pili. Amri nazo hutoka kwenye gamba la ubongo, na kati ya asilimia 85 na 90 ya nyuzi zake huvuka chini ya ubongo kabla ya kushuka. Kwa hiyo kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo hulegeza mkono wa kushoto.

Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis nchini Morisi mwaka 1817, ndiye aliyeonyesha matokeo ya mpangilio huo. Ugwe wa mgongo ukikatwa nusu, kwa kisu au kwa ajali, mguu wa upande uliokatwa hupooza na kupoteza fahamu ya mahali ulipo, na mguu wa upande wa pili, wenye nguvu zake zote, huacha kuhisi maumivu na moto. Wapo wagonjwa waliodhaniwa wanajifanya kwa sababu dalili zao hazikukaa upande mmoja, kumbe miili yao ilikuwa inasema kweli kwa usahihi kabisa.

Uharibifu wa ugwe wenyewe una tabia ya kuja kimyakimya, na hili nalo makala haikuligusa. Ugwe ukibanwa shingoni, mtu huanza kushindwa kufunga vifungo vya shati, mwandiko unaharibika, miguu inakuwa mizito na migumu, anashika ukuta akifumba macho bafuni. Kifua kikuu kinaweza kula pingili hadi zikakunjika na kuubana ugwe. Percivall Pott alieleza kupooza kwa miguu kwa wagonjwa wa aina hiyo tangu mwaka 1779, na bado tunawaona. Baadhi yao hawalalamiki maumivu makali. Wanasema tu miguu haiwasikii.

Nimefika kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Kwa kuwa ugwe huishia juu, mizizi ya neva za chini hushuka ndani ya mfereji ikiwa fungu, na wanaanatomia waliipa jina la mkia wa farasi. Katika fungu hilo imo mizizi ya S2, S3 na S4, inayohudumia kibofu, njia ya haja kubwa, sehemu za siri na ngozi ya msamba. Diski kubwa ikitokeza katikati inaweza kulibana fungu zima. Dalili zake watu huona aibu kuzitaja: ganzi sehemu zile zinazogusa kiti, kutohisi karatasi wakati wa kujisafisha, mkojo kugoma kutoka ingawa kibofu kimejaa, au kuanza kuvuja bila taarifa, haja kubwa kutoka bila kujua, na kwa wengine nguvu za tendo la ndoa kupotea ghafla. Wakati mwingine miguu yote miwili inauma au inalegea. Mtu mwenye hali hiyo aende hospitali yenye huduma ya upasuaji saa hiyohiyo, iwe usiku au sikukuu. Shinikizo likiondolewa mapema kibofu kinaweza kurudi. Likiachwa, kinaweza kisirudi kabisa, na mtu wa makamo akabaki na mpira wa mkojo maisha yake yote.

Haraka hii ina sababu. Neva iliyobanwa tu, ganda lake likiwa limeumia lakini uzi haujakatika, inaweza kuamka baada ya wiki chache. Nyuzi zikishakufa, huota upya kwa milimita 1 hivi kwa siku. Kutoka kiunoni hadi kwenye misuli inayonyanyua wayo ni safari ya zaidi ya nusu mita. Piga hesabu mwenyewe, utapata mwaka na nusu hadi miaka miwili na zaidi, na muda wote huo misuli isiyo na neva inasinyaa. Mazoezi yangu hayana uwezo wa kufufua msuli uliosubiri kiasi hicho. Nayafanya kwa moyo wote, nampa mgonjwa bamba la kushikilia wayo usianguke, namfundisha kutembea upya, lakini tunafanya kazi na kilichobaki.

Kwa hiyo anayeumwa kiuno na mguu asipime hali yake kwa maumivu tu. Kila asubuhi atembee hatua kadhaa kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Visigino vinamwonyesha L4 na L5, vidole vinamwonyesha S1. Asimame kwa mguu mmoja, ajinyanyue kwa ncha za vidole mara kadhaa, abadilishe. S1 ikichoka, mguu mmoja hukata tamaa mapema kuliko mwenzake. Apande ngazi moja kwa kila mguu aone kama goti linamkatikia. Anyanyue madole gumba yote mawili kwa pamoja na mtu mwingine ayakandamize. Apitishe pamba pande zote mbili, alinganishe. Haya hayahitaji mashine. Akiona upande mmoja umepungua nguvu, hata kama usiku amelala vizuri, huo ni udhaifu mpya na unahitaji kuonwa siku hiyo, si kliniki ya mwezi ujao.

Na kwa wenzangu tuliovaa koti jeupe nina ombi lisilo na gharama: tuwavue wagonjwa viatu. Wamekuja kwangu watu waliozunguka sehemu nyingi, wana mfuko wa vidonge na bahasha ya picha, na hakuna aliyewahi kuwagusa dole gumba la mguu. Nyundo ya goti, pini, pamba na dakika chache vinatosha kujua kama neva ya L4 iko hai au la. Goti linaporuka linapogongwa, habari imeingia kwa mzizi wa nyuma na amri imetoka kwa mzizi wa mbele bila kusubiri ubongo. Lisiporuka upande mmoja, mojawapo ya njia hizo ina tatizo, na hapo tayari tuna pa kuanzia.

Mhariri, ninaomba mambo mawili. La kwanza, sentensi ile irekebishwe, isomeke kwamba nafuu ya maumivu ihesabiwe kuwa nafuu iwapo tu nguvu na hisia za mguu ziko vilevile au zimeongezeka. La pili, makala inayofuata kuhusu mgongo iambatane na mchoro wa mwili wenye maeneo ya neva, mbele na nyuma, ili msomaji aweke kidole pale anapohisi ganzi na kumwambia daktari kitu anachoweza kukifanyia kazi. Mchoro nitauandaa mwenyewe bila malipo. Masahihisho yatoke kwenye ukurasa uleule wa afya, kwa herufi za ukubwa uleule, na dalili za mkia wa farasi zichapishwe waziwazi bila kuzungushwa kwa maneno ya heshima, kwa sababu mgonjwa anayesoma huku kibofu kimejaa hana muda wa kukisia.

Wako,
Mtaalamu wa fiziotherapia